Callan Park: Hospitali na Chuo Ndani ya Ua Mmoja

Jamaa zetu wengi wanaokaa Leichhardt, Balmain na Lilyfield wanapajua mahali paitwapo Callan Park. Watoto wao hucheza mpira katika viwanja vyake, na watu wazima hutembea jioni kandokando ya maji ya Iron Cove kwa amri ya daktari wa sukari. Lakini wengi hawajapata kuuliza yale majumba makubwa ya mawe, yenye mnara wa saa, yalijengwa kwa kazi gani. Aliyeambiwa kuwa kilikuwa chuo cha sanaa hakudanganywa, na aliyeambiwa kuwa ilikuwa hospitali ya wendawazimu hakudanganywa vilevile. Yote mawili yalikuwapo, na kwa muda wa miaka 12 yalikuwapo kwa pamoja ndani ya ua mmoja. Nimeona inafaa habari hizi ziandikwe katika kitabu chetu cha mwaka, kwa sababu zina funzo linalotugusa sisi wenyewe, nalo nitalieleza mbele.

Koloni la New South Wales lilipoanzishwa mwaka wa 1788 lilikuwa mahali pa kuletea wafungwa kutoka Uingereza, na kwa hivyo kila taabu ya binadamu ilitafutiwa dawa ya gereza. Aliyerukwa na akili alitiwa ndani pamoja na mwizi. Mwaka wa 1811 Gavana Lachlan Macquarie alifungua nyumba ya kwanza ya wendawazimu huko Castle Hill. Mwaka wa 1838 ikafunguliwa nyingine pale Tarban Creek, Gladesville, karibu na Mto Parramatta, nayo ndiyo ya kwanza iliyojengwa makusudi kwa kazi hiyo. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1840, jumba la Parramatta lililokuwa la wafungwa wanawake nalo likageuzwa kuwa makazi ya wagonjwa. Majina yalikuwa mbalimbali, lakini kuta na funguo zilikuwa za namna moja.

Mageuzi yaliletwa na daktari mmoja, Frederick Norton Manning, aliyewahi kuwa tabibu katika meli za kivita za Uingereza. Henry Parkes, aliyekuwa waziri wakati huo, alipomtaka aishike Tarban Creek, Manning aliomba kwanza asafiri Ulaya na Marekani akatazame wenzao wanavyowatunza wagonjwa wao. Aliporudi aliandika ripoti yake mwaka wa 1868, akaanza kazi. Mwaka uliofuata jina la mahali pale likabadilishwa, pakaitwa hospitali. Huenda mtu akasema kuwa jina si kitu. Sisi tuliokuwa walimu twajua kuwa mtoto humwita mwenzake jina, akaishi nalo mpaka uzeeni.

Hospitali za zamani zilipojaa, serikali ilinunua shamba la Callan Park mwaka wa 1873, pamoja na jumba lake la kitajiri liitwalo Garry Owen. Manning akakaa na James Barnet, msanifu majengo wa serikali, yuleyule aliyejenga Posta Kuu ya Martin Place, wakapanga mji mdogo wa mawe. Majumba hayo yaliyomalizika mwaka wa 1885 huitwa Kirkbride, kwa heshima ya Thomas Kirkbride, daktari wa Philadelphia aliyeandika juu ya namna ya kujenga hospitali za wagonjwa wa akili. Kila jumba lilikuwa na ua wake na baraza zake ndefu za kukaa kivulini. Miti na njia zake zilipangwa na Charles Moore, mkuu wa Bustani ya Mimea ya Sydney. Tena lilifanywa jambo moja la hekima: penye mipaka, ukuta ulijengwa ndani ya handaki, hata mgonjwa aliyesimama uani aliweza kutazama miti na maji ya bahari asione kizuizi mbele yake. Ukuta ulikuwapo, na mgonjwa hakuweza kutoka, lakini aliyeuchora alimfikiria mtu atakayeutazama kila siku.

Fikra hii haikuanza na Wazungu wa karne ya 19. Tuliosoma madrasa twajua habari za maristani, zile hospitali za miji ya Kiislamu. Huko Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga msikiti, jiko la maskini, hospitali na madrasa ya utabibu, vyote mahali pamoja, na kazi ikamalizika mwaka wa 1488. Msafiri maarufu Evliya Çelebi, aliyefika huko katika karne ya 17, ameeleza jinsi wagonjwa wa akili walivyotibiwa kwa muziki, na chini ya kuba kubwa mna chemchemi ya maji. Mwanafunzi wa utabibu alikuwa jirani wa mgonjwa tangu siku ya kwanza ya masomo yake. Leo majengo yale ni jumba la makumbusho chini ya Chuo Kikuu cha Trakya. Nayataja ili tusije tukadhani kuwa hospitali na chuo kukaa pamoja ni ajabu ya Sydney peke yake.

Basi Callan Park ilianza kwa huruma. Kilichofuata ndicho cha kuzingatiwa. Jengo la Kirkbride lilipimwa kwa wagonjwa 666, na haukupita muda mrefu likafurika. Madaktari walikuwa wachache, na dawa za kutuliza maradhi yenyewe zilikuwa hazijapatikana. Wengi walioingia hawakutoka. Palikuwa na jitihada njema pembeni: Broughton Hall, nyumba iliyopakana na shamba hilo, ilitolewa wakati wa Vita vya Kwanza kwa ajili ya askari waliovunjika akili vitani, na kuanzia mwaka wa 1921 ikawa kliniki ya watu wanaokuja kutibiwa kwa hiari yao, bila kutiwa nguvuni kwa hati ya hakimu. Bustani zake, zilizotengenezwa kwa mikono ya wagonjwa, zilisifiwa sana. Lakini upande wa pili wa ua, mambo yalizidi kuwa mazito.

Hapo inafaa nimtaje mtu mmoja aliyeishi Callan Park, kwa sababu habari zake zapaswa kujulikana na watoto wetu. Douglas Grant alikuwa Mwaustralia wa asili, aliyezaliwa Queensland, akapoteza wazazi wake katika mauaji angali mchanga, akalelewa na Mskochi mmoja aliyefanya kazi katika Makumbusho ya Australia. Alisoma, akawa mchoraji wa ramani za mitambo, akaingia jeshini, na mwaka wa 1917 akatekwa na Wajerumani huko Bullecourt, Ufaransa. Alipelekwa katika kambi karibu na Berlin walimowekwa mateka weusi, Wahindi na Waislamu, ambako Wajerumani walikuwa wamejenga msikiti wa mbao mwaka wa 1915. Wenzake walimchagua awe mkuu wa kamati ya kugawa vyakula na dawa kutoka Msalaba Mwekundu. Mtu huyo, aliyeaminiwa na mateka wa mataifa mbalimbali, aliporudi kwao hakupata nafasi ya kukaa sawa na wenzake. Katika miaka ya 1930 akaishi Callan Park akifanya kazi ya ukarani, na katika nafasi zake za mapumziko alijenga bwawa la mapambo lenye mfano wa Daraja la Bandari ya Sydney, kuwakumbuka askari. Daraja hilo dogo lilikuwa tayari mwaka wa 1931, kabla ya lile kubwa kufunguliwa mwaka wa 1932. Nalo lipo hata leo. Grant alifariki mwaka wa 1951. Ukimpeleka mjukuu wako Callan Park, mwonyeshe daraja hilo kabla ya kumwonyesha mnara wa saa.

Mwaka wa 1961 ndipo Sydney nzima ilipolazimika kutazama ndani ya ua. Mganga mkuu wa Callan Park, Dk. Harry Bailey, alitoa mashtaka juu ya ukatili na ubadhirifu aliosema upo katika hospitali yake, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji McClemens. Mambo yaliyotolewa mbele ya tume yaliwatia watu haya: msongamano, uchafu, wagonjwa kutendewa visivyo. Mtu angedhani kuwa aliyefichua ndiye mkombozi. Lakini Bailey huyohuyo aliondoka serikalini, akaendesha katika hospitali ya binafsi iitwayo Chelmsford, huko Pennant Hills, matibabu ya kumlaza mgonjwa usingizi mzito wa dawa kwa siku nyingi mfululizo. Kati ya mwaka wa 1963 na 1979 watu 24 walipoteza maisha kwa sababu ya matibabu hayo. Bailey alifariki mwaka wa 1985, na tume nyingine, ya Jaji Slattery, ndiyo iliyoyaweka wazi mambo hayo kati ya mwaka wa 1988 na 1990.

Nimeyatafakari mambo haya mawili kwa pamoja, na maoni yangu ni haya. Callan Park ilikuwa ya serikali, na Chelmsford ya binafsi. Moja ilikuwa kongwe na kuukuu, na nyingine ilikuwa ndogo ya kitongojini. Hayo hayakuleta tofauti. Kilichozifanya zifanane ni kuwa aliyekuwa ndani hakuwa na mtu wa nje anayekuja mara kwa mara, akaketi naye, akamwuliza umekula nini, nani amekupiga, dawa hii ya nini. Mgonjwa wa akili akilalamika huambiwa ni maradhi yake yanayosema. Anahitaji shahidi mwenye akili timamu, na shahidi huyo kwa desturi ya dunia ni ndugu yake.

Na sisi je? Kule kwetu pwani na bara tunayo majina yetu. Zanzibar twasema Kidongo Chekundu, Nairobi ni Mathari, Dodoma ni Mirembe, na majina haya matatu ya hospitali yamegeuka kuwa matusi ya watoto. Hata hapa Sydney, wenyeji wa umri mkubwa wanakumbuka Callan Park na Gladesville zikitajwa vivyo hivyo. Hospitali hizo zina historia ndefu. Mathari ilianza mwaka wa 1910, na Mirembe ni ya miaka ya 1920. Ya zamani zaidi ni Lutindi, katika milima ya Usambara, iliyoanzishwa na wamisionari Wajerumani: kwanza ilikuwa nyumba ya watoto yatima waliookolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Dodoma nayo, tangu Chuo Kikuu kilipofunguliwa mwaka wa 2007, imekuwa mji wa wanafunzi, na Mirembe ingali pale pale. Kijana anayekwenda kusoma Dodoma huanza kufanyiwa mzaha kabla hajafunga sanduku.

Katika ukoo wetu alikuwapo bwana mmoja, mjomba wa mama, aliyekuwa na hati nzuri kupita wote. Tulipokuwa watoto tuliambiwa kuwa yuko safarini. Safari hiyo ilichukua miaka tisa. Hakuna aliyekwenda kumtazama isipokuwa dada yake, aliyekuwa akipanda basi kila mwezi na kikapu cha mikate ya kumimina, naye hakuitaja safari hiyo barazani. Mjomba aliporudi, mwembamba, alijua majina ya watoto wote waliozaliwa nyuma yake, kwa sababu dada yake alikuwa amemweleza. Wengine wote walimwamkia kama mgeni. Wazee wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza kuwa kabla ya kumuumbua aliyeficha, huwa kimekwisha mnyima mgonjwa jamaa zake.

Huko Nigeria, mwaka wa 1954, Dk. Adeoye Lambo wa hospitali ya Aro, Abeokuta, alifanya jambo rahisi ambalo lilisifiwa duniani kote. Aliwapangishia wagonjwa wake vyumba katika vijiji vya jirani, kwa sharti kwamba kila mgonjwa aje na jamaa yake mmoja wa kumpikia, kumfulia na kumpeleka kliniki kutwa. Matibabu yalikuwa ya kisasa, lakini usiku mgonjwa alilala mahali penye sauti za watu na harufu ya chakula cha kwao. Lambo hakuuona ukoo kuwa kero ya hospitali. Aliufanya kuwa sehemu ya dawa.

Turudi Callan Park. Mwaka wa 1976 iliunganishwa na Broughton Hall, ikaitwa Hospitali ya Rozelle. Mwaka wa 1983 ripoti ya David Richmond iliishauri serikali kuwa wagonjwa wengi watunzwe majumbani na mitaani, na hospitali kubwa za zamani zipunguzwe. Fikra ilikuwa njema, lakini fedha za kuwasaidia wale waliotoka hazikutosha, na wengi wameonekana tangu hapo katika mabweni ya bei rahisi na vituo vya treni. Majengo ya Kirkbride yakaachwa wazi, yakatengenezwa, na mwaka wa 1996 Chuo cha Sanaa cha Sydney, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Sydney, kikahamia humo. Vyumba vya wagonjwa vikawa vyumba vya kuchorea na kuchongea. Nje, mwanafunzi aliyebeba turubai lake alipita njia moja na mgonjwa anayekwenda kuvuta sigara chini ya mti.

Sydney imefanya hivi zaidi ya mara moja. Jengo la Rydalmere, karibu na Parramatta, ambalo Macquarie aliliwekea jiwe la msingi mwaka wa 1813 liwe skuli ya mayatima wa kike, lilikuwa hospitali ya akili kwa takriban miaka mia, tangu miaka ya 1880, na sasa limo ndani ya Chuo Kikuu cha Western Sydney. Watoto wetu kadhaa wamehitimu shahada zao katika viwanja hivyo, na tumepiga nao picha mbele ya matofali yale bila ya kujua nani aliyekuwa akichungulia madirishani.

Pale serikali ilipofikiri kuuza sehemu ya ardhi ya Callan Park, wakaazi walisimama imara, na mwaka wa 2002 Bunge la New South Wales likapitisha sheria maalumu ya kupalinda. Ardhi isiuzwe, na majengo yatumike kwa afya, elimu na kazi za jamii zisizo za faida. Miti ikaokoka, na mawe yakaokoka. Lakini mwezi wa Aprili 2008 wagonjwa wa mwisho walihamishiwa Concord, katika hospitali mpya, ijapokuwa wengi walitaka wabaki. Chuo nacho hakikudumu. Mwaka wa 2016 Chuo Kikuu kilipotangaza kuwa kitakihamisha, wanafunzi waliikalia ofisi ya utawala kwa zaidi ya miezi miwili, na mwisho wake, mwaka wa 2020, kikahamia Camperdown, katika jengo lililokuwa zamani la Chuo cha Ualimu.

Sisemi kuwa wagonjwa wangeachwa katika majumba ya kale. Vyumba vya Concord ni bora kuliko vya zamani, na chuo hakikumfukuza mtu. Ninalosema ni kuwa jengo likipata watetezi ni rahisi kudhani kuwa kazi imekwisha. Mawe yanapendwa na wote, kwa kuwa hayapigi kelele usiku. Katika miaka ile 12 ya ujirani, mji ulipata nafasi ya kumzoea mgonjwa kama mtu wa njiani, anayeamkiwa na kujibu. Nafasi hiyo haikupatikana kwa kupangwa, na ilipoondoka haikuliliwa sana.

Katika familia zetu za hapa Sydney wapo wagonjwa. Yupo kijana aliyeacha masomo na hatoki chumbani. Yupo mama aliyejifungua, na tangu siku hiyo hasemi na mtu. Yupo mzee anayesikia sauti za vita alivyovikimbia. Tunasema ana homa, ana uchovu, amefanyiwa jambo, na kisomo kinafanywa kwa siri. Kisomo ni chetu na hakina ubaya, lakini hakimzuii mtu kwenda kwa daktari, kama vile hakimzuii mwenye sukari kupima damu yake. Katika hospitali za serikali mgonjwa hupewa mkalimani bila malipo, na Parramatta kilianzishwa mwaka wa 1993 kituo cha kuwasaidia wagonjwa wa akili wenye lugha na mila mbalimbali. Daktari wa kawaida wa mtaani ndiye mlango wa kwanza.

Kubwa zaidi ni kwenda. Mtu wetu akilazwa Concord au Cumberland, tuandike zamu kama tunavyoandika zamu za kupika siku ya khitima au ya harusi: leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Twende na chakula anachokipenda, tukae saa nzima, tumweleze nani kaoa na nani kazaa, tumwulize muuguzi jina la dawa na kazi yake. Na watoto wetu tuwakataze kulifanya jina la hospitali kuwa tusi, iwe Callan Park, iwe Kidongo Chekundu. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowatembelea.